Betelgeuse: nyota nyekundu inayofifia na kurudi

Kama umeme umekatika mu mtaa wenu saa tatu za usiku, usikasirike mara moja. Toka inje, ngojea dakika kumi macho yazoee giza, kisha inua kichwa. Kama tuko kati ya mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa tatu, na mawingu hayako, utaona nyota tatu zilizopangwa kwa mstari mmoja, karibu karibu, sawa vile misumari tatu kwenye ubao. Upande mmoja wa mstari huo kuna nyota nyeupe inayong'aa sana. Upande wa pili, kwa umbali karibu sawa, kuna nyota ingine yenye rangi ya makala inayowaka mu mbabula.

Hiyo nyekundu inaitwa Betelgeuse (tamka: Beteljezi). Wengi wetu tumeiona tangu utoto bila kujua jina lake. Na wachache wanajua kwamba mwanga wake haukai namna moja: unapanda, unashuka, unapanda tena.

Mwisho wa mwaka 2019, nyota hiyo ilianza kupoteza mwanga kuliko kawaida. Kufika mwezi wa pili 2020, ilikuwa imebakia na karibu sehemu moja juu ya tatu ya mwanga wake. Mu magazeti na kwenye mitandao ya inchi mingi swali likawa moja: je, iko karibu kupasuka? Kutoka swali hilo mpaka kwa wale wanaosema "hii ni alama, dunia inaisha", njia ni fupi. Na sisi wakaaji wa mashariki tunajua uvumi ni kitu gani. Neno moja linaanzia ku soko asubuhi, na mbele ya mangaribi watu wamekwisha kufunga mizigo.

Ndiyo sababu tunataka kueleza leo nyota hii iko nini, kwa nini inabadilika, na namna gani watu walipata jibu la kilichotokea.

Namna ya kuitambua kutoka kwetu

Tuko na bahati: mstari wa ikweta unapita mu Kivu ya Kaskazini, na Betelgeuse iko kaskazini kidogo tu ya mstari huo mu mbingu. Kwa hiyo, kwetu inapita karibu juu kabisa ya kichwa. Wenye kukaa Ulaya wanaiona ikiwa imeinama upande mmoja. Sisi tunaiona juu, pahali hewa haisumbui sana mwanga.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, inatokea mashariki wakati jua linazama. Simama ukiangalia mashariki. Kama uko Bukavu, hapo unaangalia upande wa Rwanda. Kama uko Uvira, unaangalia Burundi ng'ambo ya ziwa. Kama uko Bunia, unaangalia upande wa Ziwa Albert na Uganda. Nyota tatu za mstari ziko katikati. Mukono wako wa kushoto, yaani kaskazini, njo utaona ile nyekundu. Mukono wa kuume, kusini, kuna ile nyeupe, inaitwa Rigel. Juu kidogo ya Betelgeuse, upande huo huo wa kushoto, kuna nyota ingine nyeupe ya wastani. Inaitwa Bellatrix. Shika jina hilo vizuri, tutalihitaji.

Katikati ya mwezi wa kwanza, Betelgeuse inafika juu ya kichwa karibu saa nne za usiku. Katikati ya mwezi wa pili, karibu saa mbili. Mwezi wa nne, utaipata upande wa magharibi mwanzo wa usiku. Mwezi wa sita haionekani kabisa, kwa sababu iko upande mumoja na jua. Kisha inarudi kidogo kidogo, kwanza asubuhi mapema mbele ya jua kutokea.

Usiichanganye na Aldebaran, ambayo pia iko na rangi nyekundu-nyekundu. Aldebaran inatangulia kutokea, na iko mbali zaidi na mstari wa tatu. Usiichanganye pia na Mars: ile ni sayari, na inahama kutoka pahali kwenda pahali kati ya nyota. Betelgeuse haihami.

Jina lake lilitoka kwa Waarabu, waliosema *yad al-jauza*, maana yake mukono wa Jauza, jina la kundi hilo la nyota. Waliotafsiri vitabu mu Kilatini zamani walisoma herufi vibaya: kwa Kiarabu, "y" na "b" za mwanzo wa neno zinatofautiana kwa nukta moja tu. Kosa hilo limebakia mpaka leo.

Nyota munene, lakini nyepesi

Rangi inatuambia kitu cha kwanza. Mtu anayefua chuma anajua: chuma kikianza kupata moto kinakuwa chekundu; ukiongeza moto kinakuwa cha njano, kisha cheupe. Nyota pia ni vile. Uso wa jua letu uko na digri karibu 5.500. Uso wa Betelgeuse uko na digri karibu 3.300 tu. Kwa nyota, hiyo ni baridi.

Lakini kama iko baridi, sababu gani inang'aa sana namna hii? Ni kwa sababu ya ukubwa wake. Wataalamu wanakadiria kwamba upana wake unapita upana wa jua mara 700 mpaka mara 1.000. Chukua mfano wa haragi moja yenye upana wa santimeta moja, sema hiyo ndiyo jua. Betelgeuse itakuwa mpira wenye upana wa mita 7 ao zaidi. Haitaingia mu nyumba zetu nyingi. Kama ingewekwa pahali pa jua letu, ingemeza Merkuri, Zuhura, dunia yetu na hata Mars. Kwa kuhesabu mwanga wote unaotoka ndani yake, unapita ule wa jua mara elfu makumi mengi, pengine hata mara 100.000.

Sasa angalia jambo la kushangaza. Vitu vilivyo ndani yake, tukivipima kwa mizani, vinapita vya jua mara 15 mpaka 20 tu. Vitu kidogo namna hiyo vimetawanyika mu nafasi kubwa sana. Kwa wastani, nyota hii iko nyepesi kuliko hewa tunayopumua, tena kwa mara elfu nyingi. Usifikiri mpira wa chuma. Fikiri moshi unaowaka, usio na mpaka wa wazi.

Na iko kijana na muzee kwa wakati mumoja. Jua letu liko na miaka karibu milioni 4.600, na liko bado katikati ya maisha yake. Betelgeuse iko na miaka karibu milioni 10 tu, lakini imekaribia mwisho. Nyota kubwa iko sawa vile lori kubwa: tanki yake iko kubwa, lakini inakula mafuta haraka sana. Ndani kabisa, idrojeni ilikwisha. Wataalamu wengi wanaona sasa inaunguza eliyumu. Mabadiliko hayo ya ndani ndiyo yaliyofanya tabaka za inje zifure na kupoa, na nyota ikakuwa nyekundu.

Kwa nini mwanga unapanda na kushuka

Kuna sababu zaidi ya moja, na zinachanganyika.

Ya kwanza: nyota inafura na kurudi, sawa vile kifua cha mtu anayepumua. Pumzi moja inachukua karibu siku 400, yaani mwaka moja na mwezi moja hivi.

Ya pili: kuna mwendo mwingine wa polepole, wa siku karibu 2.100, karibu miaka sita. Huo uliwasumbua wataalamu muda murefu. Mwaka 2024, makundi mawili yalisema kwa hesabu kwamba pengine kuna nyota ndogo inayoizunguka Betelgeuse, karibu nayo sana. Mwaka 2025, kundi lingine lililotumia darubini ya Gemini North kule Hawaii lilitangaza kwamba limeona alama ya hiyo nyota ndogo. Kazi ya kuhakikisha inaendelea.

Ya tatu: uso wake unatokota. Angalia sufuria ya uji kwenye moto: vitu vya moto vinapanda katikati kwa mapovu makubwa, vinapoa, vinashuka pembeni. Mu jua letu mapovu hayo ni madogo na yako mengi sana. Mu Betelgeuse ni machache na makubwa mno; povu moja linaweza kufunika sehemu kubwa ya uso. Moja likipanda, upande huo unang'aa. Likipoa, upande huo unafifia.

Ukijumlisha yote hayo, unapata nyota ambayo haina saa kamili. Ndiyo maana wataalamu wanaiita ya kubadilika nusu kwa utaratibu: kuna mwendo, lakini hauheshimu kalenda.

Watu waliokaa macho

John Herschel, Muingereza, alikuja Afrika Kusini mwaka 1834 na akakaa pale Cape mpaka 1838, akichunguza nyota za kusini. Ni yeye aliyeandika kwamba Betelgeuse ilikuwa inabadilika kati ya 1836 na 1840. Kwa kugundua hivyo alihitaji macho tu, akiilinganisha na nyota za jirani.

Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1920, ku mulima Wilson, California, Albert Michelson na Francis Pease walitumia darubini kubwa iliyofungwa vioo kwenye chuma cha mita 6, wakapima upana wa Betelgeuse. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupima upana wa nyota isiyo jua. Mwaka 1995, darubini Hubble inayozunguka juu ya dunia iliipiga picha, na hiyo ikawa picha ya kwanza kuonyesha uso wa nyota ingine kwa moja kwa moja. Ilionyesha doa moja kubwa linalowaka kuliko pahali pengine.

Lakini kati ya miaka hiyo yote, kazi kubwa ilifanywa na watu wasio na mushahara wa nyota: walimu, wanafunzi, watu waliostaafu. Tangu 1911 kuna chama Marekani, AAVSO, kinachokusanya mahesabu ya watu kama hao kutoka dunia nzima. Kila mmoja anatoka inje, analinganisha, anaandika tarehe, saa na namba. Basi.

Kilichotokea 2019 na 2020

Mwezi wa kumi na mbili 2019, Edward Guinan na Richard Wasatonic, waliokuwa wameipima Betelgeuse kwa zaidi ya miaka ishirini, walituma tangazo kwa wenzao: nyota imeshuka kuliko mara zote walizoipima. Iliendelea kushuka. Kati ya tarehe 7 na 13 mwezi wa pili 2020 ilifika chini kabisa. Kwa macho, ilikuwa sawa na Bellatrix, ile nyota ya wastani tuliyoitaja. Aliyezoea kundi hilo alishangaa: bega moja la Jauza lilikuwa limezimika nusu.

Kufika mwezi wa nne, ilikuwa imerudi. Hakukuwa na kupasuka.

Kisha majibu yakaja. Kundi la Miguel Montargès lilikuwa na picha za darubini kubwa ya Chile, mu jangwa la Atacama, zilizopigwa mbele na wakati wa kufifia. Mbele, nyota ilikuwa na mwanga kote. Wakati wa kufifia, nusu ya kusini ilikuwa giza. Kundi la Andrea Dupree, kwa kutumia Hubble, lilikuwa limeona gesi ya moto ikitoka kwa mwendo wa kilometa karibu 320.000 kwa saa, mbele ya giza kuanza. Na Wajapani walitoa ushahidi usiotegemewa: sateliti yao ya kuangalia mvua, Himawari-8, ilikuwa inapiga picha za dunia, na Betelgeuse ilionekana pembeni mwa picha hizo mara kwa mara bila mtu kuitafuta. Walipozirudia, waliona joto la nyota lilikuwa limeshuka kwa digri karibu 140.

Tukiunganisha: povu kubwa lilipanda na kutapika gesi inje. Uso uliobakia ukapoa. Gesi ile, ilipofika mbali na moto, ikapoa pia na kugeuka vumbi, na vumbi likasimama kati yetu na nyota. Wakaaji wa Goma hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanajua namna majivu ya Nyiragongo yanaweza kufunika anga: jua liko palepale, lakini chini watu wanaona giza.

Tena jambo hilo halikutokea mwaka 2019. Betelgeuse iko mbali nasi kwa miaka-nuru kati ya 500 na 700, yaani mwanga wake unasafiri miaka hiyo yote mbele ya kutufikia. Povu lile lilipanda karibu na wakati ambapo Mreno Diogo Cão alifika ku mdomo wa mto Kongo, mwaka 1482, ao hata mbele ya hapo. Kusema kwamba nyota ilififia juu ya mambo yetu ya mwaka 2020 ni kusema barua iliyoandikwa na mababu zetu ilikuwa inajibu simu ya leo.

Baada ya hapo nyota haikutulia mara moja. Mwaka 2023 ilipanda kuliko kawaida, na pumzi yake ya siku 400 ilivurugika.

Itapasuka? Na sisi?

Ndiyo, itapasuka siku moja. Nyota kubwa namna hiyo ikimaliza vyote inavyoweza kuunguza, sehemu ya katikati inaanguka juu yake yenyewe, na tabaka za inje zinarushwa. Lakini "siku moja" hapa maana yake ni wakati wowote mu miaka elfu makumi ijayo, pengine hata miaka 100.000. Hakuna mtu mwenye tarehe. Anayekupa tarehe, muulize alipima nini.

Itakapotokea, itang'aa karibu sawa na mwezi wa nusu, na itaonekana hata mchana kwa wiki nyingi. Haitatuunguza. Ili mlipuko wa namna hiyo uharibu dunia, sherti utokee karibu nasi zaidi, mu miaka-nuru makumi machache. Betelgeuse iko mbali zaidi ya mara kumi. Watu wamekwisha kuona mambo kama hayo: mwaka 1054 Wachina waliandika juu ya nyota mupya iliyoonekana mchana kwa siku 23. Mabaki yake yako mpaka leo mu mbingu, na dunia iko.

Unaweza kuipima wewe mwenyewe

Wataalamu wanapima mwanga wa nyota kwa namba, na namba ndogo maana yake mwanga mwingi, sawa vile mu darasa: wa kwanza ndiye mbele. Rigel iko na 0,1. Procyon, nyota nyeupe iliyo mashariki ya Betelgeuse, iko na 0,4. Aldebaran iko na 0,9. Bellatrix iko na 1,6. Betelgeuse inatembea kati ya hizo.

Chukua daftari. Jiulize: leo Betelgeuse inapita Procyon? Iko chini ya Aldebaran? Kama iko katikati kabisa ya Procyon na Aldebaran, andika 0,6 ao 0,7. Ongeza tarehe na saa. Ngojea nyota zote zipande juu vizuri, kwa sababu ile iliyo karibu na milima inapoteza mwanga mu hewa. Usiikazie macho nyota nyekundu muda murefu. Itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mara moja kwa wiki inatosha.

Hauhitaji kwenda mbali. Usiku kwetu uko na hatari zake, na kila mutu anajua za mtaa wake. Fanya ndani ya lupango, mbele ya mulango, pamoja na watoto. Mwalimu anaweza kugawa kazi hiyo kwa darasa: wanafunzi watano, madaftari matano, kisha mwisho wa mwezi wa tatu wanalinganisha namba zao na kuchora mstari.

Siku nyota itafifia tena, na itafifia, watu watakuja kuuliza kama ni mwisho wa dunia. Mtoto mwenye daftari atafungua ukurasa, aonyeshe namba za mwaka uliopita, na aseme: ilishuka vile, ikarudi vile.